Hina, Piko na Mashahidi Wawili

Mazungumzo ya leo ni ya kemia, lakini usizime redio. Kemia ninayoizungumzia haikai kwenye vitabu vya wanafunzi peke yake. Inauzwa kwenye maduka ya mji huu wa Isiolo kwa bei ya soda, inapakwa mikononi mwa mabibi harusi, na wiki moja kabla ya Idi inapata wateja wengi kuliko unga.

Nenda kwenye duka lolote la vipodozi uitishe hina. Muuzaji atakuuliza: ya kawaida au nyeusi? Ya kawaida ni unga wa kijani kibichi, unanukia majani makavu. Nyeusi, ile ambayo ndugu zetu wa Lamu na Mombasa huiita piko, huja kama unga mweusi au wa hudhurungi ndani ya kijipakiti au kikopo kidogo, na mara nyingi kando yake kuna kichupa cha maji ya kuchanganyia. Wako pia wanaonunua ule mweusi na kuuchovya kidogo ndani ya ule wa kijani, wakakuuzia mchanganyiko huo kwa jina la hina safi. Swali la leo ni hili: mtu atajuaje kilichomo? Macho hayatoshi, pua haitoshi, na neno la muuzaji halitoshi, kwa sababu mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui.

Tuanze na ile hina tunayoiamini. Mhina ni kichaka cha nchi kavu, na katika kaskazini mwa Kenya huota wenyewe kando ya mito ya msimu. Majani yake yana kemikali inayoitwa lausoni, kiasi cha asilimia moja hivi ya uzito wa jani kavu, wakati mwingine zaidi. Ukilisaga jani na kulichanganya na maji yenye uchachu kidogo, ya ndimu kwa mfano, lausoni hutoka polepole, huingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kushikana na keratini, ile protini inayojenga ngozi, kucha na nywele. Kushikana huko kunahitaji saa kadhaa, ndiyo maana mama zetu hulala na mikono iliyofungwa vitambaa. Ukiibandua asubuhi, rangi ni ya machungwa. Baada ya siku moja au mbili hukolea na kuwa nyekundu yenye kahawia. Watazame wazee wetu wa Kisomali na Kiborana wanaotoka msikiti wa Jamia baada ya swala ya Ijumaa, ndevu zao zikiwa na rangi ya machungwa iliyoiva. Hiyo ndiyo saini ya lausoni. Jani la mhina peke yake, hata ulikoroge na chai, kahawa, mafuta ya mkaratusi au dua, halitoi rangi nyeusi kama makaa kwa nusu saa.

Weusi huo hutoka mahali pengine. Hutoka kwa kemikali iitwayo para-fenilini-diamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa herufi tatu, PPD. Yenyewe ikiwa safi ni fuwele nyeupe, wala haina rangi ya kuogofya. Lakini ikikutana na hewa, au na haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye kile kichupa cha pili, molekuli zake huoksidishwa na kuungana tatu tatu au zaidi, zikawa kitu kikubwa cheusi kisichotoka. Wafaransa walianza kulinda kwa hataza matumizi yake kwenye nywele mwaka 1883, na hadi leo rangi nyingi za nywele duniani zinaitegemea. Kwa nywele zilizokwisha kufa, ikiwa imepimwa na kuoshwa baada ya dakika chache, watu wengi huivumilia. Kwa ngozi iliyo hai, ikiwa imeachwa saa nzima bila kipimo, hapo habari ni nyingine.

Ubaya wa PPD ni kwamba hailipizi siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza unaweza kupakwa, ukapendeza, ukapiga picha, ukarudi nyumbani salama. Ndani ya mwili, hata hivyo, askari wa kinga huenda wameisajili kama adui. Mara ya pili au ya tatu, baada ya siku moja hadi tatu, ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Nayo malengelenge hufuata mchoro wenyewe: ua lililochorwa hujiinua, jani kwa jani. Yakipona yanaweza kuacha alama nyeupe au kovu la miezi mingi. Zaidi ya hayo, mwili ukishaisajili PPD hausahau. Msichana aliyeungua akiwa na miaka kumi na minne anaweza kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka arobaini, uso ukavimba hadi macho yakafunga. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2006, na sababu mojawapo ilikuwa michoro hii hii ya hina nyeusi ambayo watalii walikuwa wakirudi nayo nyumbani kutoka likizoni.

Hayo ni ya ngozi. Ikimezwa, PPD ni sumu kali. Hufunga koo kwa uvimbe, huvunja misuli na kuziba figo. Majirani zetu wa Sudan wanalijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa kuhusu watoto 31 waliodhurika kwa mchanganyiko wa hina na PPD, na 13 kati yao hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo nikisema leo kwamba pakiti ya piko haipaswi kulala kwenye kabati ambalo mtoto anafikia, sitii chumvi.

Sasa tuje kwenye kazi ya mkemia. PPD ni ya ukoo unaoitwa amini aromatiki. Chukua pete ya kaboni sita, ile inayoitwa benzini. Ibandike nitrojeni moja yenye haidrojeni mbili. Umepata anilini, mama wa ukoo mzima. Ibandike nitrojeni ya pili upande wa pili wa pete, zikitazamana, umepata PPD. Kuna mamia ya amini nyingine za aina hii, nazo zimo kwenye rangi za nguo, kwenye dawa za hospitali, kwenye mpira na kwenye plastiki. Nyingine zinaponya, nyingine zinaua. Basi mkemia akiletewa unga asioujua, swali lake la kwanza si "jina lako nani?" Swali ni "wewe ni wa ukoo gani?"

Na hapa ndipo kemia inapofanana na mahakama ya kadhi pale mjini. Kadhi hahukumu kwa shahidi mmoja. Anataka wawili, na anataka kila mmoja aeleze alichokiona yeye mwenyewe. Rangi moja kwenye chupa ya maabara ni shahidi mmoja.

Tuwasikilize mashahidi. Wa kwanza ni karatasi ya litimasi. Amini ni besi, kwa hiyo mtu angetegemea zigeuze litimasi nyekundu kuwa buluu. Amini za kawaida, zile zinazonuka samaki, hufanya hivyo. Anilini haifanyi. Pete ya benzini huishikilia ile jozi ya elektroni za nitrojeni hata isiwe na nguvu ya kuchukua haidrojeni kutoka kwa maji. Anilini ni besi dhaifu kuliko amonia kwa mara makumi ya maelfu. Kwa hiyo litimasi ikinyamaza hujajua lolote: huenda hakuna amini, huenda ipo ya ukoo wa pete. Shahidi huyu tumshukuru, aketi.

Wa pili ni maji ya bromini. Ukiyatia kwenye anilini, rangi yao ya kahawia hupotea na mashapo meupe hushuka mara moja. Ushahidi mzuri, ila una kasoro: fenoli, kemikali isiyo amini kabisa, hufanya vile vile. Wa tatu ni kipimo alichotuachia Hofmann, Mjerumani aliyefundisha London katikati ya karne ya 19: klorofomu, potashi ndani ya alkoholi, na moto kidogo. Ikiwepo amini yenye haidrojeni mbili, hutoka harufu mbaya ambayo mtu akiinusa mara moja hataisahau. Lakini harufu hiyo hutoka kwa amini za pete na zisizo za pete sawasawa, mvuke wake ni sumu, na maabara nyingi za mafunzo zimekiacha kipimo hicho. Shahidi anayewadhuru majaji hafai.

Shahidi mwenye heshima kuliko wote amejengwa juu ya mmenyuko uliogunduliwa mwaka 1858 na kijana wa Kijerumani aitwaye Peter Griess. Kijana huyu baadaye alihamia Uingereza, akaajiriwa kwenye kiwanda cha bia mjini Burton, na huko huko, katikati ya mapipa, aliendelea na utafiti wake hadi alipofariki mwaka 1888. Kipimo chenyewe kinakwenda hivi. Unayeyusha unga wako ndani ya asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa maji. Unaiweka chupa ndani ya barafu hadi nyuzi kati ya sifuri na tano. Unadondosha sodiamu nitriti, nayo baridi, tone baada ya tone. Amini yenye pete hugeuka kuwa chumvi ya diazoniamu, kitu ambacho kinaishi kwenye baridi tu. Kisha unamimina kidogo ndani ya kemikali iitwayo naftoli, iliyoyeyushwa kwenye magadi makali ya soda. Papo hapo hutokea rangi ya machungwa inayowaka, au nyekundu, kutegemea amini uliyonayo. Amini isiyo na pete haiwezi mchezo huo. Yenyewe hutoa mapovu ya nitrojeni na kuishia hapo.

Kwa nini barafu? Kwa sababu chumvi ya diazoniamu ikipata joto huvunjika, nitrojeni hutoka, na unabaki na fenoli isiyokuambia kitu. Na ikikauka inaweza kulipuka. Hali ya joto ya Isiolo, nyuzi thelathini na kitu mchana, si rafiki wa kipimo hiki. Mwanafunzi wa kidato cha sita kule Tanzania, ambako amini zimo kwenye mtaala wa kemia, anajua kwamba wengi wanaofeli jaribio hili hawafeli kwa kukosa akili. Wanafeli kwa kukosa barafu.

Lakini sikiliza jambo hili, msikilizaji, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Kipimo cha Griess si kitu cha Ulaya kilicho mbali nasi. Kipo Isiolo leo, kwenye zahanati zenye kliniki ya wajawazito. Mama mjamzito akifika, muuguzi humpa kikopo, kisha huchovya kijiti chenye viraka vya rangi ndani ya mkojo. Kiraka kimoja hupima nitriti. Bakteria wengi wa maambukizi ya njia ya mkojo hugeuza nitrati kuwa nitriti. Ndani ya kiraka kuna amini aromatiki iliyokauka pamoja na asidi, ikisubiri. Nitriti ikifika, chumvi ya diazoniamu huzaliwa pale pale juu ya karatasi, huungana na kemikali nyingine iliyomo kwenye kiraka, na kiraka hugeuka waridi. Ni mmenyuko ule ule wa mwaka 1858, ila umepinduliwa: mkemia wa unga ana nitriti anatafuta amini, muuguzi ana amini anatafuta nitriti. Maji ya visima hupimwa nitrati kwa njia ya jamaa hiyo hiyo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sayansi ya kupima amini ni ghali mno kwa mji kama huu. Tunaitumia kila siku ya kliniki, ila hatujawahi kuielekeza kwenye pakiti ya piko.

Je, tuchukue basi naftoli na barafu, tupime hina ya sokoni? Hapa mtego upo, na ni mtego mtamu kwa anayependa kazi hii. Lausoni, ile rangi halali ya mhina, hubadilika yenyewe kulingana na uchachu. Kwenye asidi ni ya manjano, kwenye magadi ni nyekundu ya machungwa. Sasa kumbuka naftoli yetu imo ndani ya magadi. Ukimimina hina safi kabisa ndani yake, utaona rangi ya machungwa, utapiga kelele kwamba umekamata PPD, na utakuwa umemsingizia muuzaji asiye na hatia. Isitoshe, PPD nayo ni mkaidi kwenye kipimo hiki, kwa sababu nitrojeni zake mbili zinazotazamana huifanya ioksidike upesi kuliko kugeuka diazoniamu kwa utulivu.

Mkemia makini hufanya mambo mawili. Kwanza huwatenganisha watuhumiwa. Anautikisa unga ndani ya etha pamoja na maji yenye asidi. Amini, kwa kuwa ni besi, hukamatwa na asidi na kushuka kwenye maji. Lausoni, ambayo ni asidi, hubaki juu kwenye etha. Amewagawa bila kuwauliza majina. Pili, anamwita shahidi anayemjua PPD kwa sura. Mwaka 1876 mkemia Mfaransa Charles Lauth aliona kwamba PPD ikiwekwa pamoja na haidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya yai viza, kisha ikaoksidishwa kwa kloridi ya chuma, hutokea rangi ya zambarau ya kupendeza. Lausoni haitoi zambarau hiyo. Anilini ya kawaida nayo haitoi. Inatoka kwa diamini ambazo nitrojeni zake zinatazamana kama za PPD. Hapo sasa una mashahidi wawili wanaokubaliana: mmoja anasema "huyu ni wa ukoo wa amini," na mwingine anasema "tena nitrojeni zake zinatazamana."

Kuna shahidi mwingine ambaye nampenda kwa unyenyekevu wake. Karatasi ya gazeti, hilo hilo Taifa Leo unalofungia maandazi, hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na gundi yake ya asili, lignini. Ukidondosha juu yake tone la anilini iliyoyeyushwa kwenye asidi, karatasi hugeuka manjano kali. Karatasi nyeupe ya daftari zuri haigeuki, kwa kuwa lignini yake imeondolewa kiwandani. Hicho ni kipimo cha kweli, na walimu wa kemia huweza kukionyesha mbele ya darasa. Ila nasema tena: ni shahidi mmoja. Na tafadhali usikijaribu nyumbani kwa piko. Kemikali inayotafutwa ndiyo ile ile inayoingia kupitia ngozi ya vidole vyako.

Baada ya rangi hizi za chupani, hukumu yenyewe hutolewa na mashine. Maabara kubwa husukuma sampuli kwa shinikizo ndani ya bomba jembamba lililojazwa chembe ndogo sana. Kila kemikali hutoka upande wa pili kwa wakati wake, na PPD ya pakiti hulinganishwa na PPD halisi inayojulikana. Mashine hiyo hutaja jina, na pia hutaja kiasi, jambo ambalo rangi ya chupani haiwezi kulifanya kwa uhakika. Kenya inayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali jijini Nairobi, na Shirika la Viwango lina maabara zake. Kutoka hapa Isiolo hadi Nairobi ni kilomita takriban 285 za lami. Pakiti ya unga haina haja ya gari la wagonjwa. Inafika kwa basi la asubuhi.

Mtu atauliza: mbona uzito wote huu kwa mapambo ya wanawake? Nina majibu mawili. La kwanza, historia ya ukoo huu imejaa watu walioambiwa wasiwe na wasiwasi. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi wakiugua uvimbe wa kibofu cha mkojo, akasema hadharani kwamba kazi yao ndiyo inayowaua. Ilichukua miongo kabla ya amini mbaya zaidi, naftilamini-2 na benzidini, kuondolewa viwandani. PPD yenyewe haijathibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na ni haki niseme hivyo. Lakini jamaa zake waliothibitishwa ndio sababu Umoja wa Ulaya leo unakataa nguo na ngozi ambazo rangi zake zikivunjwa hutoa amini hizo zaidi ya miligramu 30 kwa kilo. Mji huu unaishi kwa mifugo. Ngozi ya ng'ombe na mbuzi wa Isiolo ikishatiwa rangi na kutafuta soko huko, itapita mbele ya kipimo hicho hicho. Aliye na maabara ndiye anayeuza.

La pili, ukoo huu pia umetuokoa, na anayeujua hutofautisha. Dawa za salfa zilizowatibu babu zetu homa ya mapafu ni amini aromatiki. Mwaka 1939 Wamarekani wawili, Bratton na Marshall, walikigeuza kipimo cha Griess kuwa njia ya kupima salfa ndani ya damu, na njia yao imetumika hata kutafuta mabaki ya dawa hizo kwenye maziwa na nyama. Fikiria maziwa ya ngamia yanayotoka hapa kila alfajiri kwenda Nairobi. Mfugaji aliyemdunga ngamia wake salfa jana na kumkama leo anaweza kukamatwa na rangi ya waridi. Na kwa kuwa jamaa wa ukoo mmoja hufanana, mtu aliyeungua na piko amweleze daktari kila anapotibiwa, kwa sababu dawa fulani za ganzi za kupaka, zenye benzokaini, zina umbo linalofanana na PPD, na mwili wake unaweza kuzikataa nazo.

Kwingineko sheria imeshanena. Ulaya inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isiyozidi asilimia mbili wakati wa kupaka, na hairuhusu kabisa kuchorea ngozi. Marekani imeidhinisha hina kwa nywele peke yake, na hairuhusu PPD kupakwa kwenye ngozi. Maduka yetu hayaulizwi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini piko imewageuza wahenga: ni kibaya kinachojiuza vizuri sana, kwa sababu kina haraka na bibi harusi ana haraka.

Mpaka sheria ifike dukani, kila mmoja awe na maswali yake. Unga ni wa kijani na unanukia majani? Unahitaji saa kadhaa au usiku mzima? Unaanza na rangi ya machungwa? Basi una dalili njema. Unatoa weusi wa makaa kwa chini ya saa moja, unahitaji maji ya kichupa cha pili, au pakiti ina herufi PPD? Rudisha. Mchoraji akikuambia ameongeza "kitu kidogo cha kukoleza", muulize ni kitu gani na uone pakiti. Dalili hizi si hukumu, ila zinatosha kukuzuia kunyoosha mkono. Ukishapakwa na ukahisi mwasho, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, usipasue malengelenge, nenda hospitali. Uso au koo likianza kuvimba, usisubiri kupambazuke. Na kwa kina mama wa watoto wachanga, neno moja zaidi: hata hina halali isipakwe mwili wa mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo ambalo si nadra katika nchi zenye malaria, na lausoni inaweza kuvunja chembe zao za damu.

Nimalizie na ombi kwa afisi ya afya ya kaunti. Kabla ya Idi ijayo, tumeni mtu anunue pakiti za hina na piko kwenye maduka ya mji huu, azifunge kila moja na tarehe yake, azipeleke Nairobi, na majibu yasomwe hapa redioni. Pakiti iliyo safi itajwe kuwa safi, ili mfanyabiashara mwaminifu apate faida ya uaminifu wake. Iliyo na PPD iondolewe. Wala kazi hiyo isiishie kwa uvumi wa sokoni, maana uvumi nao ni shahidi mmoja. Kemia ya msingi inayohitajika imekuwapo tangu karne ya 19.

Kwa leo ni hayo. Wenye harusi wiki hii, hongereni, nunueni hina ya kijani, anzeni mapema.